Aliyeipa penisilini jina lake

Mtoto wa shule anayefungua mkoba wake asubuhi na kutoa penseli hajui kwamba ameshika nduguye penisilini. Wala muuguzi anayejaza bomba la sindano katika zahanati hajui. Maneno haya mawili yalizaliwa na mama mmoja, yakaachana njiani, na kila moja likatufikia kwa mlango wake: moja likaingia darasani, jingine likaingia hospitalini. Wengi wetu hudhani kwamba majina ya dawa hubuniwa na wenye viwanda kwa kubahatisha, au kwamba ni matamshi yaliyokusudiwa kumtisha mgonjwa asiulize maswali. Si hivyo kila mara. Penisilini ina jina lenye ukoo, na mtu aliyelitoa jina hilo, siku aliyolitoa na sababu ya kulitoa, vyote vinajulikana. Mtu huyo ni Alexander Fleming. Nimeona leo nimsimulie msomaji habari zake kwa kulifuata jina hilo, kwa kuwa naamini sifa anayopewa Fleming ni kubwa mno mahali pasipostahili, na ni ndogo mno mahali panapostahili.

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel huko Ayrshire, Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza akaoa tena umri ukiwa umekwenda. Alexander alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne aliozaa na mke wa pili, Grace Morton. Mzee huyo aliaga dunia mtoto akiwa na miaka saba tu, na shamba likabaki mikononi mwa mjane na watoto wakubwa. Shule ilikuwa mbali, nao watoto walikwenda kwa miguu katika mvua na theluji. Wanaomsifu husema kwamba macho yake makali yalinolewa na matembezi hayo. Huenda. Alipofikia umri wa miaka kumi na mitatu hivi alihamia London kuishi na nduguze, akasoma kidogo, kisha akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli, kazi aliyoifanya kwa miaka minne bila kuipenda.

Kuna kisa kinachozunguka sana, ambacho hata mimbarini hutolewa, kwamba baba yake Fleming alimwokoa mtoto Winston Churchill asizame katika matope, na kwamba baba yake Churchill, kwa kurudisha fadhila, akamlipia Alexander karo ya udaktari. Kisha miaka mingi baadaye penisilini ikamponya Churchill huyo huyo nimonia. Ni kisa kitamu lakini hakina ukweli. Churchill alipougua nimonia huko Afrika Kaskazini mwezi wa Desemba 1943 alitibiwa kwa dawa ya jamii ya salfa. Ama karo ya Fleming, hiyo ilitokana na ami yake, mseja aliyefariki na kumwachia pauni 250 mwaka 1901. Kaka yake Tom, ambaye alikuwa daktari, ndiye aliyemshauri azitumie fedha hizo kusomea kazi hiyo.

Alijiunga na chuo cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, na sababu iliyompeleka huko haina utukufu wowote: alikuwa amewahi kucheza polo ya majini dhidi ya timu ya chuo hicho. Alipohitimu mwaka 1906 angeweza kwenda zake kufanya upasuaji mahali pengine, lakini klabu ya walenga shabaha ya hospitali haikutaka kumpoteza mpiga bunduki hodari kama yeye. Akatafutiwa nafasi katika idara ya chanjo ya Almroth Wright, na humo akabaki maisha yake yote ya kazi.

Huyu Wright sharti tumtaje, maana katika maabara yake kutoa majina kulikuwa karibu ibada. Alikuwa msomi aliyekipenda Kigiriki kuliko mahubiri ya Jumapili, na kila alipoona jambo jipya alilivisha jina kutoka lugha hiyo. Alipotambua kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachowafanya bakteria waliwe kwa urahisi na chembe nyeupe, alikiita opsonini. Asili yake ni neno la Kigiriki opson, yaani kile kinacholiwa pamoja na mkate ili mkate uteremke. Kiingereza hakina neno moja la kulifasiri opson; Kiswahili kinalo, nalo ni kitoweo. Opsonini ni kiungo kinachomgeuza mdudu kuwa kitoweo cha damu. Fleming alikaa miaka mingi chini ya bwana mkubwa wa majina ya namna hii, naye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache kiasi cha kuwachosha wageni. Aliyekuja kuzungumza naye aliondoka akidhani amemkosea.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka alipelekwa Boulogne, Ufaransa, pamoja na Wright, na huko aliona vijana wakifa kwa vidonda vilivyooza ilhali madaktari wakivimwagia dawa kali za kuua vijidudu. Alithibitisha kwa majaribio kwamba katika jeraha lenye kina dawa hizo ziliua chembe nyeupe za damu, ambao ndio walinzi, kabla hazijawafikia bakteria waliojificha katika mipasuko ya nyama. Tangu hapo alitafuta kitu kimoja: dutu itakayomdhuru mdudu na kumwacha mwenye mwili salama. Mwaka 1915 alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland, na mwaka 1924 wakajaliwa mtoto wa kiume.

Kitu cha kwanza alichokipata katika utafutaji huo kilitoka puani mwake mwenyewe. Akiwa na mafua, mwishoni mwa mwaka 1921, aliweka kamasi zake katika kisahani chenye bakteria na akaona bakteria wanayeyuka. Kitu hicho kimo pia katika machozi, mate na ute wa yai, na jina lake, lisozimu, ni la Kigiriki kama ilivyokuwa desturi ya idara ile: kuyeyusha, pamoja na chachu. Kwa muda mrefu wasaidizi na wageni walikamuliwa ndimu machoni ili machozi yapatikane. Lisozimu haikutibu ugonjwa wowote mkubwa, kwa kuwa huua zaidi wale bakteria wasiotudhuru, lakini ilimfundisha Fleming namna ya kukitazama kisahani.

Jambo jingine dogo lafaa litajwe hapa. Fleming alikuwa mchoraji, na rangi zake zilikuwa bakteria. Alijua ni yupi huota mwekundu, yupi wa manjano, yupi wa urujuani, akawapanda kwa sindano ya maabara juu ya chakula chao na kungoja hadi picha ijitokeze yenyewe: askari, mama na mtoto, wacheza dansi. Alipokea hata uanachama wa klabu ya wasanii ya Chelsea. Sisemi kwamba uchoraji ndio uliomwongoza kwenye neno lenye maana ya brashi, maana hakuna aliyewahi kulisema hilo. Lakini msomaji atakapofika kwenye maana hiyo atakumbuka.

Sasa twende kwenye tukio ambalo kila kitabu cha shule kinalo. Tarehe 3 Septemba 1928, Fleming alirejea kutoka likizo huko Suffolk na kuanza kupanga visahani alivyokuwa ameviacha juu ya meza. Vilikuwa na bakteria waitwao stafilokoka, ambao nao wana jina la kupendeza kwa wadudu waletao majipu: vichala vya zabibu, kwa sababu ndivyo wanavyoonekana chini ya hadubini. Katika kisahani kimoja ukungu ulikuwa umeota pembeni, na kuuzunguka ukungu huo vichala vya zabibu vilikuwa vimefifia na kuwa kama kivuli. Inaelekea mbegu ya ukungu ilipanda ngazi kutoka ghorofa ya chini, ambako mtaalamu wa kuvu, C. J. La Touche, alikuwa akifuga aina nyingi za ukungu kwa ajili ya utafiti wa pumu. Bahati ilikuwapo, hakuna anayekataa. Lakini visahani vilivyoota ukungu vilitupwa na watu wengi duniani kabla ya siku hiyo. Fleming alikitunza chake, akakionyesha kwa kila aliyepita, akaupanda ukungu ule upya, akautunza kwa miaka na kumpa kila aliyeuomba.

Kwa miezi kadhaa majimaji yaliyotoka katika ukungu huo hayakuwa na jina. Katika maabara waliyaita tu maji ya ukungu. Vijana wawili, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walihangaika kuyachuja na kuyakausha katika ujia wenye bomba la maji, na kila mara nguvu yake ilitoweka. Fleming alichoka kusema na kuandika maelezo marefu ya majimaji yaliyochujwa kutoka ukungu fulani, na tarehe 7 Machi 1929 akayaita penisilini. Makala yake yalichapishwa mwezi wa Juni mwaka huo, na humo akaeleza kwamba analitumia neno hilo kwa kuepusha usumbufu wa kurudia maneno mengi. Hakuwa na la ziada. Baadaye alipoulizwa mara kwa mara mbona alibuni neno hilo, alijibu kwamba alifuata njia ya kawaida tu: kama vile dijitalini ilivyoitwa kwa jina la mmea wa Digitalis, ndivyo penisilini ilivyoitwa kwa jina la ukungu wa Penicillium.

Jina hilo Penicillium lilikuwa limetolewa mwaka 1809 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Heinrich Link. Ukungu wa jamii hiyo ukitazamwa kwa hadubini huonekana una vijiti vilivyosimama wima, na kila kijiti hugawanyika juu kuwa matawi membamba yenye mbegu, mfano wa brashi ya mchoraji. Brashi ya mchoraji kwa Kilatini ni penicillus. Neno hili limejengwa kwa kupunguza ukubwa mara mbili. Shina lake ni neno la kale lenye maana ya mkia, ambalo Warumi wenyewe walikuja kulihamishia kwenye kiungo cha mwanamume tusichokitaja mbele ya wakwe. Likapunguzwa likawa peniculus, brashi ya kupangusia. Likapunguzwa tena likawa penicillus. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu lugha yetu hufanya vivyo hivyo, ila sisi hupunguzia mbele ya neno na Warumi hupunguzia nyuma. Mti huwa kijiti, mto huwa kijito, na mkia huwa kijikia. Penicillus ni kijikia.

Penseli, nayo, ni kijikia hicho hicho. Wafaransa wa zamani waliiita brashi pincel, Waingereza wakalichukua neno, na karne ya 16 ilipoleta madini meusi ya kuandikia yaliyotiwa ndani ya mti, jina la brashi likahamia kwenye chombo hicho kipya. Kutoka kwa Waingereza likatufikia sisi. Wanaodhani kwamba hata peni ya wino ni ya ukoo huu wamekosea, kwa maana hiyo ilitokana na penna, unyoya. Na kalamu ni ya ukoo mwingine kabisa, imetujia kwa Waarabu, na nyuma ya Waarabu wako Wagiriki walioandika kwa mwanzi. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tazama basi ni jina la namna gani. Halimtaji aliyegundua. Halidai kuponya chochote, wala halisemi dutu hiyo hufanya nini. Linasema tu ilikotoka. Wright angetunga neno la Kigiriki lenye kutangaza ushindi, na kama ushindi usingetokea, neno lingebaki kichekesho. Jina la Fleming halikuhitaji kubadilishwa hata pale maji ya ukungu yalipogeuka kuwa dawa kuu ya karne, kwa sababu halikuahidi kitu. Hapa ndipo ninapoona sifa yake ni ndogo kuliko inavyostahili. Baada ya 1929 yeye mwenyewe alifanya machache tu juu ya penisilini kama tiba. Hakuwa mwanakemia, na wanakemia waliojaribu kuisafisha walishindwa. Alilolifanya ni kuacha mambo matatu yaliyo hai: makala, ukungu wenyewe, na neno moja ambalo mtu yeyote angeweza kulitafuta katika maktaba na kulipata. Maji ya ukungu yasiyo na jina yangetafutwaje?

Aliyelitafuta alikuwa Ernst Chain, mwanakemia Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, akifanya kazi Oxford chini ya Howard Florey, Mwaustralia. Chain alikuwa akichunguza lisozimu ndipo akakutana na makala ya 1929. Tarehe 25 Mei 1940 walichukua panya wanane, wakawapa wote bakteria wa kuua, na wanne kati yao wakawapa penisilini. Kufikia alfajiri wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa. Matokeo yalichapishwa mwezi wa Agosti. Fleming alipoyasoma alipanda gari moshi hadi Oxford, mwanzoni mwa Septemba, kutazama wamefanya nini na penisilini yake. Chain alishangaa kumwona. Kwa miaka yote hiyo alidhani mtu huyo alikwisha kufa. Jina lilikuwa hai katika maktaba kuliko mwenyewe.

Yaliyofanyika Oxford hayasimuliwi vya kutosha. Vita vilikuwa vimepamba moto na hapakuwa na vifaa. Norman Heatley, kijana mwenye mikono ya ufundi, alipanda ukungu katika vyombo vya kujisaidia wagonjwa kitandani, makopo na mabeseni, kisha akabuni njia ya kuitoa penisilini katika maji bila kuiharibu, kazi iliyowashinda wote waliotangulia. Walipohofia kwamba Wajerumani wangevuka bahari, walijipaka mbegu za ukungu ndani ya makoti yao ili yeyote atakayeokoka aweze kuanza upya. Mwezi wa Februari 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa ameoza uso na jicho. Alianza kupona, akala chakula, homa ikashuka. Dawa ikapungua, wakawa wanaikusanya kutoka katika mkojo wake na kumrudishia, ikaisha. Mwezi uliofuata akafa. Mwaka huo Florey na Heatley walikwenda Marekani kutafuta viwanda, na kufikia mwaka 1944, majeshi yalipotua Normandy, dawa ilikuwapo ya kuwatosha majeruhi.

Hata hivyo dunia ilimjua Fleming. Mwezi wa Agosti 1942 alimtibu mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo aliyekuwa akichungulia kaburi. Aliomba penisilini kwa Florey, naye Florey akampa yote aliyokuwa nayo, mgonjwa akapona. Gazeti la The Times liliandika tahariri juu ya dawa hiyo bila kumtaja mtu. Siku chache baadaye Wright, mzee wa miaka themanini na ushei, akaandika barua kudai kwamba taji ni la Fleming. Profesa mmoja wa Oxford, Robert Robinson, akaandika naye kwamba Florey apewe shada lake. Lakini Florey aliwafungia mlango waandishi wa habari, akiogopa kwamba watu wangefurika wakiomba dawa ambayo hakuwa nayo. Fleming aliwafungulia. Kuanzia hapo ikawa Fleming na penisilini, penisilini na Fleming, kama kwamba kutoa jina ni sawa na kuzaa, kulea na kuoza.

Katika jambo hili sifa yake ni kubwa kupita kiasi, na nadhani yeye mwenyewe alilijua. Alikusanya magazetini makosa yaliyoandikwa juu yake, akayahifadhi na kuyaita hekaya ya Fleming. Alipokuwa jukwaani aliwataja watu wa Oxford. Lakini hakuzikataa heshima: alifanywa Sir mwaka 1944, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1945 pamoja na Florey na Chain, akazunguka dunia akipewa shahada na funguo za miji. Huko Madrid wapigana na mafahali, waliokuwa wakifa kwa majeraha ya pembe, walichanga fedha wakamjengea sanamu nje ya uwanja wao. Heatley hakupata Nobel. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1990 ndipo Chuo Kikuu cha Oxford kikampa udaktari wa heshima wa tiba, wa kwanza katika historia yake kupewa mtu asiye daktari.

Katika hotuba yake ya Nobel, tarehe 11 Desemba 1945, Fleming alitoa mfano ambao ungepaswa kubandikwa katika kila duka la dawa. Alimfikiria bwana mmoja mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini na kumeza kiasi kisichotosha kuwaua wadudu lakini kinachotosha kuwafunza kuistahimili. Bwana huyo akamwambukiza mkewe, mke akapata nimonia, daktari akampa penisilini, penisilini ikakataa, mke akafa. Fleming aliuliza ni nani basi aliyemwua. Wakati huo dawa ilikuwa bado mpya na dunia nzima ikiishangilia, na huyu ndiye mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuipamba.

Hakuwa akibahatisha. Mwezi wa Desemba 1940, kabla polisi yule wa Oxford hajadungwa sindano, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wamekwisha chapisha habari za kimeng'enya kinachotolewa na bakteria ili kuivunja penisilini, wakakiita penisilinesi. Adui alipata jina, na jina la kuazima kwa mhasiriwa wake, kabla dawa haijamponya mtu hata mmoja kwa sindano. Katika hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alihesabu stafilokoka sugu: takriban asilimia 14 mwaka 1946, takriban 59 mwaka 1948. Vichala vya zabibu vilikuwa vimejifunza.

Wanakemia wakajibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walipata kiini cha penisilini na wakaweza kukiunganisha na vipande vingine kuunda dawa mpya. Katika kuzipa majina walilikata neno la Fleming na kuchukua nusu ya nyuma: methisilini, ampisilini, kloksasilini, amoksisilini. Shirika la Afya Duniani likaidhinisha kipande hicho kuwa alama ya ukoo, ili daktari popote alipo akikiona ajue ni dawa ya jamii gani, na asimpe mgonjwa ambaye mwili wake hauipatani. Ni utaratibu wa busara. Lakini angalia kisu kilipopita. Mkia umebaki upande wa pili. Kilichochukuliwa ni ule udogo wa Kirumi pamoja na kiishio cha kemia. Amoksisilini inayonunuliwa kila siku katika maduka yetu haina ukungu katika jina lake, wala brashi, wala mkia. Ina kiji- peke yake.

Nayo hununuliwa vipi? Sheria ya Kenya inataka iuzwe kwa cheti cha daktari. Msomaji anajua jinsi mambo yalivyo: mtu anaingia dukani na shilingi alizo nazo, anataja jina, anakatiwa vidonge sita, anameza siku mbili, koo likitulia vilivyosalia vinawekwa juu ya kabati kumngoja mtoto atakayekohoa. Simlaumu maskini pekee, kwa maana dozi nzima ina bei, na foleni ya hospitali ina bei yake pia. Lakini yule bwana wa mfano wa Fleming hakuwa na jina, na naona siku hizi tunaweza kumpa lolote tulitakalo, la kwetu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Methisilini, iliyoundwa kuwashinda stafilokoka sugu, iliripotiwa kushindwa nao mwaka 1961, na leo haitumiki tena kutibu. Jina lake limebaki katika jina la mdudu aliyeishinda.

Penisilini yenyewe haijastaafu. Mtoto mwenye homa ya baridi yabisi ya moyo bado hudungwa kila mwezi ili moyo usiharibike zaidi, na kaswende bado huitii sindano hiyo baada ya miaka zaidi ya themanini.

Mke wa Fleming alifariki mwaka 1949, na mwaka 1953 akamwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari Mgiriki aliyefanya kazi katika maabara yake. Wright angefurahi kusikia Kigiriki kimerudi nyumbani, lakini alikuwa amekwisha kufa miaka sita kabla. Fleming mwenyewe alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake London tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yakazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Ukungu wake umeendelea kuishi katika hifadhi za maabara, na jina lake la pili limewasumbua wataalamu kwa muda mrefu. La Touche, yule wa ghorofa ya chini, aliuita rubrum, mwekundu, na Fleming akaandika hivyo katika makala ya 1929. Mmarekani Charles Thom akasahihisha kuwa ni notatum, wenye alama, na La Touche akamwomba Fleming radhi. Mwaka 1977 wataalamu wakauweka chini ya chrysogenum, uzaao dhahabu. Kisha mwaka 2011 ukachunguzwa upya kwa vinasaba, wakakubaliana kwamba ni rubens, wenye kuiva wekundu. Miaka themanini na tatu baada ya kisahani kile, wamerudi karibu kabisa na rangi aliyoitaja La Touche.